Isome sera ya kodi ya upinzani hata kama kura yako huwapi

Kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha akimaliza tu kusoma hotuba yake Dodoma, wateja wangu huanza kupiga simu. Natunza hesabu za watu wa kawaida: wenye maduka, wenye malori mawili matatu, kampuni ndogo za watu watano. Wote wanataka kujua nini kimepanda na nini kimeshuka. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza upinzani umependekeza nini. Ukiwagusia, wanacheka: hao wa nini, Hazina wataishika lini?

Mimi huwa nazisoma. Nilizisoma enzi zile Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni ilipokuwa na waziri kivuli wake wa fedha, anasimama baada ya waziri mwenyewe na hotuba nene kama kitabu. Baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukufikisha asilimia 12.5 ya wabunge inayohitajika kuunda kambi rasmi, hotuba zile zikakoma. ACT Wazalendo wakaja na Baraza Kivuli lao nje ya Bunge, wakawa wanachambua bajeti kwa waandishi wa habari. Nasoma na hizo. Si ushabiki, ni kazi, maana nchi hii ina desturi moja ambayo mfanyabiashara anapaswa kuijua: mapendekezo ya upinzani hutekelezwa na CCM. Huchukua miaka, hukatwakatwa njiani, na hakuna anayesema asante, lakini hutekelezwa.

Chukua madini. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa CHADEMA, alisimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kuibua suala la mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Kabla mwaka haujaisha, Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta nzima. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani yake ambayo mgodi huilipa serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka 2017 ukafika 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 bila kutoa senti. Elimu bure nayo: Dk. Slaa, mgombea urais wa CHADEMA, alizunguka nayo nchi nzima kwenye kampeni za 2010, akaambiwa haiwezekani, fedha hakuna. Januari 2016 wanafunzi wa msingi na sekondari hadi kidato cha nne waliingia darasani bila ada, chini ya serikali ileile ya CCM. Kodi ya laini za simu ya 2013, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini, ilipigiwa kelele ikafutwa hata kabla watu hawajaizoea. Na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya tarakimu moja, ambayo TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na wapinzani waliidai mpaka sauti zikakauka, ilitangazwa Mei Mosi ya 2016: kiwango cha chini kikashuka kutoka asilimia 11 hadi 9, baadaye kikawa 8.

Ndiyo maana nasema sera mbadala isomwe kama bajeti ya miaka mitano ijayo. Swali la nani atashinda liache kwa wachambuzi wa redioni. Lako ni hili: humu ndani kuna kipi ambacho Wizara ya Fedha inaweza kukichukua, na kikichukuliwa kitaniangukia wapi?

Sasa namna ya kuisoma. Wengi huanza ukurasa wa kwanza, kwenye maneno makali kuhusu ufisadi na ugumu wa maisha. Anza nyuma. Tafuta jedwali la sura ya bajeti, yaani mapato upande huu na matumizi upande ule. Chama chenye jedwali hilo kimefanya hesabu, hata kama hesabu yenyewe ina kasoro unaweza kubishana nayo. Chama kisicho na jedwali kimekuandikia hotuba ya mkutano wa hadhara. Isome ukiwa na muda.

Ukishafika kwenye mapato, jihadhari na mistari miwili, "kupanua wigo wa kodi" na "kuziba mianya". CCM wanaitumia, upinzani wanaitumia, na mimi kila nikiiona naweka alama ya kuuliza pembeni. Wigo unapanuliwa kumfikia nani? Desemba 2018 wigo ulipanuliwa kwa vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, na waliofikiwa ni machinga na mama lishe. Kwa hiyo chama kikisema kitapanua wigo bila kumtaja anayeingizwa, jua huenda ni wewe. Mianya nayo ina mahali pa kupimia: ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambayo hutoka hadharani kila Aprili. Kama chama kinasema kitapata matrilioni kwa kuziba mianya, kionyeshe ni mwanya upi uliotajwa na CAG, na una thamani gani.

Kuna jambo la kikatiba ambalo huwa nawaeleza wateja na wengi hushangaa. Ibara ya 99 hairuhusu Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au kubadilisha kodi mpaka Rais apendekeze na waziri auwasilishe. Kinachoachwa wazi ni kupunguza tu. Mbunge wa upinzani hawezi kusimama akapeleka muswada wa kupandisha kodi kwenye sigara ili afute nyingine kwenye taulo za kike. Ongeza na ibara ya 90, inayompa Rais nafasi ya kuvunja Bunge likikataa bajeti, na kumbuka kura ya bajeti hupigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja. Utaelewa kwa nini upinzani bungeni husikika kama watu wa kupunguza tu. Mlango wenyewe uko hivyo. Ndiyo maana ilani na bajeti mbadala zina uzito kuliko michango yao ukumbini: kwenye karatasi wanalazimika kusema nani ataongezewa.

Na hapo ndipo penye uhondo, maana kodi ni nadra sana kufutwa. Kinachofanyika ni kuhamishwa. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Ikapigiwa kelele na kila mtu, upinzani ukiwa mbele, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, na kwenye bajeti ya 2023/24 ikaondolewa kwa wanaotuma pesa. Watu wakashangilia. Bajeti hiyohiyo ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Nina mteja mwenye lori la kwenda mikoani. Kwake tozo ya simu ilikuwa kero ndogo, kwa sababu malipo yake makubwa hupitia benki. Lori likitumia lita 300 safari moja, ile shilingi 100 ni 30,000 kila linapotoka. Alikuwa kati ya walioshangilia. Tulipokaa na risiti za mafuta mezani, akaangalia kikokotoo, akaniambia nipige tena. Namba ikabaki ileile.

Kwa hiyo ukikuta "tutafuta" kwenye sera yoyote, weka kidole hapo na usome mpaka ukutane na "tutaongeza". Kama huioni, haimaanishi haipo.

PAYE ndiyo ahadi inayopendwa kuliko zote, na ndiyo rahisi kuipima mwenyewe kwa kalamu. Viwango vya sasa vya Tanzania Bara: mpaka 270,000 kwa mwezi hulipi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni 20, kisha 25 mpaka milioni moja, juu ya hapo 30. Tuseme chama kinaahidi kupandisha kiwango kisichotozwa kodi hadi 500,000 na mengine yabaki yalivyo (mfano wangu, sijautoa kwenye ilani ya mtu). Mwenye mshahara wa 600,000 baada ya makato ya mfuko wa hifadhi leo analipa 36,000. Chini ya ahadi hiyo atalipa 17,600, anabaki na 18,400. Si haba, hiyo ni nauli ya daladala ya wiki kadhaa. Sasa mkokotolee bosi wake anayelipwa milioni tano. Naye anaokoa 18,400 ileile. Mlinzi wa getini anayelipwa 250,000? Hapati kitu, kwa sababu PAYE halipi tangu awali, ingawa VAT ya asilimia 18 analipa kwenye sabuni kama bosi.

Sisemi ahadi ya namna hiyo ni mbaya. Nasema ni ahadi kwa watu wa katikati, na chama kinachoiuza kama ukombozi wa maskini kinakutania. Kama kweli kinamlenga yule mlinzi, angalia kinasema nini kuhusu VAT, mafuta na saruji. Hizo ndizo zinazomfuata hadi nyumbani.

Suala la kodi ya majengo linanikera kuliko yote, na hapa naona upinzani wana hoja nzuri wasiyoitumia vya kutosha. Ilikuwa mapato ya halmashauri, ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na kwenye nyumba za kupanga anayenunua umeme ni mpangaji. Kodi ni ya mwenye nyumba, mkato ni wa mpangaji, na mwenye nyumba ukimgusia anakuuliza kama umechoka kukaa kwake. Ukisikia chama kinataka mapato haya yarudi kwa halmashauri, au CHADEMA wakizungumzia sera yao ya majimbo, usidhani ni mambo ya utawala tu. Ni sera ya kodi. Kiwango kinaweza kubaki kilekile, lakini barabara ya mtaa ikiharibika unajua diwani gani wa kumbana, kwa sababu pesa iko kwake.

Ushuru wa forodha upite haraka. Tuko kwenye Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki: asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, ukiacha bidhaa chache nyeti zenye viwango vyake. Hakuna chama kinachoweza kuingia Ikulu kikabadilisha viwango hivyo peke yake. Kinachowezekana ni kuomba kwa wenzetu wa Jumuiya kutotumia kiwango fulani kwa muda, bidhaa kwa bidhaa. Ahadi ya "tutafuta ushuru wa bidhaa kutoka nje" ukaisoma kwa imani, hasara ni yako.

Kwa mfanyabiashara mdogo, mimi huangalia zaidi mambo ya utaratibu kuliko viwango. Wenye maduka walipofunga Kariakoo Mei 2023, na tena Juni 2024, manung'uniko makubwa yalihusu namna ya kukadiriwa, kukaguliwa na kupigwa faini. Mwaka huo wa 2024, mwezi Oktoba, Rais Samia akazindua tume ya kutathmini mfumo wa kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Sasa linganisha na sera iliyo mkononi mwako. Je, inasema makadirio yatapingwa vipi, na utalipa kiasi gani kwanza kabla pingamizi lako halijasikilizwa? Kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajili VAT, ambacho kilipanda kutoka milioni 100 hadi 200 mwaka 2023, wanakiacha au wanakigusa? SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri kwa kukokotoa mishahara, ambayo imeshuka kidogokidogo kutoka asilimia 6 hadi 3.5, wanataka ifike ngapi? Chama kinachojibu maswali haya kimekaa na wafanyabiashara. Kisichoyajibu kimekaa na waandishi wa hotuba.

Ukishapata hoja iliyokugusa, itumie. Wizara hualika maoni ya wadau kabla bajeti haijaandikwa, na Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha ukishatoka, Kamati ya Bajeti huita wadau kwa notisi fupi sana, maana sheria lazima ianze kazi Julai 1. Ukisubiri muswada ndipo uanze kutafuta la kusema, umechelewa. Andika ukurasa mmoja tu: sheria gani na kifungu gani, kiwango cha sasa, wewe unalipa shilingi ngapi kwa mwaka, unataka kiwe ngapi, na serikali izibe wapi pengo hilo. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo inayosomwa kwanza. Mpelekee mwenyekiti wa jumuiya yenu ya wafanyabiashara, na nakala kwa mbunge wako, awe wa chama chochote.

Na kama hoja umeinyofoa kwenye bajeti mbadala, usiandike umeitoa wapi.