Re: "Gift" ni zawadi, sumu au ndoa?

Salaam mkuu. Umekwama hapa: kwenye fomu ya Kiswidi, sehemu ya hali ya ndoa, umekuta "gift", na kamusi uliyonayo inakwambia ni sumu. Hujakosea, na kamusi nayo haijakosea.

Kwanza angalia neno limekaa wapi. Kwenye fomu kama hiyo maana yake umeoa au umeolewa, na jirani yake "ogift" ni ambaye hana ndoa. Ukilikuta kwenye chupa, hiyo ni sumu. Wadenmaki na Wanorwe wana maana zote mbili vilevile. Mjerumani kabakiwa na sumu tu, "Gift" kwa herufi kubwa, ila kwenye "Mitgift", mali anayopewa binti akiolewa, bado utaona maana ya kale. Kwa Mwingereza ni zawadi.

Asili ni moja: kutoa. Binti hutolewa kwa mume, ndiyo ndoa. Sumu ilipatikana kwa kuiga Kigiriki, "dosis", yaani kitu kinachotolewa, kipimo cha dawa. Watu wakawa wanaficha neno baya kwa neno la upole. Na hiyo "dosis" ndiyo dozi yetu ya hospitali!

Mimi nililijua kwenye kopo la dawa ya panya huko Hamburg. Nilidhani dukani wamenipa nyongeza ya bure. Usiwacheke sana Waswidi lakini, sisi wenyewe tunaoza binti na nyanya zinaoza.

Jaza "gift" kama una mke.