Saladi ya makaroni na kuku kwa wageni wa chama

Swali: Shangazi, chama chetu kinakutana kwangu Kondele Jumapili mchana, watu 20. Nataka kuandaa saladi baridi ya makaroni na kuku Jumamosi jioni. Itakauka? Na joto hili la Kisumu je?
– Mama Wawili

Jibu: Itakauka ukiichanganya yote Jumamosi, mama, kwa sababu makaroni hunyonya mayonezi usiku kucha. Chemsha kilo moja kwenye maji yenye chumvi ya kutosha hadi yalainike vizuri. Yakipoa hukaza tena. Yasuuze kwa maji safi ya baridi, yachuje, uyapake mafuta kidogo.

Kuku wawili wa gredi watatosha. Wa kienyeji nampenda kwa mchuzi, ila akiliwa baridi ni mgumu. Wachemshe hao wa gredi kwa tangawizi na kitunguu saumu, chambua nyama ingali vuguvugu, uikamulie limau. Funika makaroni na kuku kila kimoja peke yake, weka kwenye friji mara moja.

Jumapili changanya mayonezi na maziwa mala, nusu kwa nusu, pamoja na hoho, karoti na dania. Nyanya mwisho kabisa, zina maji.

Kuhusu joto sina mzaha. Saladi isikae nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32, saa moja tu. Pakua bakuli dogo, lingine libaki kwenye friji. Wakichelewa kanisani, usiitoe mpaka wafike.