Mechi haipotei

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Nakuru na pia ninalea timu ya raga ya shule. Mwanafunzi wangu ameandika insha juu ya "safari ya All Blacks ya mwaka 1905, ambapo walicheza mechi 35 na kupoteza moja dhidi ya Wales." Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba neno sahihi ni "ziara". Nani ana haki?

JIBU: Mwenzako ana haki, mwalimu, ingawa mwanafunzi hajapotoka sana. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Safari ni mwendo wenyewe, kutoka hapa kwenda kule. Ziara ni kumzuru mtu au mahali kwa nia maalumu, ndiyo maana watu wa pwani huenda ziara kwenye kaburi la walii. Hao All Blacks, yaani timu ya taifa ya raga ya Nyuzilandi, walifanya yote mawili. Waliondoka Wellington tarehe 30 Julai 1905 kwa meli iitwayo Rimutaka, wakashuka Plymouth, Uingereza, tarehe 8 Septemba. Zile wiki karibu sita za baharini ndizo safari. Kilichoanza Exeter tarehe 16 Septemba walipoitandika Devon 55 kwa 4, kikaendelea hadi Uskoti, Ireland, Wales, Ufaransa na Marekani, ni ziara.

Hilo limekwisha. Sasa turudi kwenye sentensi ya mwanafunzi wako, maana ndani yake mna kosa ambalo nyote wawili mmelipita bila kuliona, na mimi limeninyima usingizi: "kupoteza moja dhidi ya Wales."

Mechi hupoteaje? Kitu hupotea kikitoka mkononi mwa mwenyewe asijue kilipo. Mtoto hutumwa dukani akapoteza hela ya mboga. Mchezaji wa raga akiuachia mpira ukamponyoka, amepoteza mpira, na Kiswahili hicho ni safi. Mwaka 1917 Nyuzilandi ilimpoteza Dave Gallaher, kapteni wa ziara hiyohiyo, aliyeuawa vitani Ubelgiji. Hapo neno limekaa mahali pake, zito kama linavyostahili kuwa. Sasa tunalichukua neno hilohilo la msiba na la hela ya mboga, tunalibandika kwenye mechi ambayo watu walitoana jasho hadharani na kila aliyekuwepo uwanjani akaona nani amempiga nani!

Najua lilikotoka. Mwandishi wa michezo anapokea habari kwa Kiingereza, saa zimemwishia, anakuta "lose", anageuza neno kwa neno. Nilifanya kazi katika chumba cha habari ambako nililikata neno hili kwa kalamu nyekundu kila Jumapili, na kila Jumatatu nililikuta gazetini. Likija na "dhidi ya" ndio kabisa. Mechi dhidi ya Wales, sawa, maana dhidi ni upinzani na timu mbili zinapingana. Lakini "kupoteza dhidi ya"? Hela ya mboga huipotezi dhidi ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho kitenzi hiki kinakifuta. Shindwa ni tendo la kutendwa: ukilisikia tu, unangoja kuambiwa "na nani". Walishindwa na Wales. Mshindi yumo ndani ya kitenzi, hafichiki. Poteza humwondoa. Ukisema Wanyuzilandi walipoteza, Wales haikufanya lolote, mechi iliwadondoka wenyewe njiani kama kitambaa.

Na uone ni mechi gani hiyo. Cardiff, tarehe 16 Desemba 1905. Wageni hawajafungwa hata mara moja tangu washuke melini. Wanacheza haka, ngoma ya kivita ya Wamaori wa kwao, na wenyeji wanawajibu kwa kuimba wimbo wa taifa lao, Teddy Morgan akiongoza, uwanja mzima ukapokea. Kisha Morgan huyohuyo anachomoka pembeni na kufunga trai, yaani kuugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, trai ya pekee ya siku ile, pointi tatu. Kipindi cha pili Bob Deans wa Nyuzilandi anaukimbilia mstari, anakamatwa, anaanguka na mpira. Wenzake wanaapa kwamba aliugusisha chini ng'ambo ya mstari, kisha Wales wakamvuta nyuma kabla mwamuzi, John Dallas wa Uskoti, hajafika. Dallas anafika, anaukuta mpira haujafika kwenye mstari, anakataa trai. Deans alipeleka simu ya maandishi gazetini kusema alifunga. Miaka isiyotimia mitatu baadaye akafariki, akiwa na miaka 24, na ubishi haujazikwa naye.

Ubishi wote huo ni juu ya nani alitenda nini. Mtu wa Cardiff aseme "tuliwalaza." Mtu wa Wellington aseme "tulinyimwa", na atakuwa amesema Kiswahili kizuri, maana kunyimwa nako kunamdai mtendaji: tulinyimwa na Dallas. "Kupoteza" haimfai yeyote kati yao.

Wala si kwamba tumekosa maneno. Nimekua nikisikiliza redioni timu zikifungwa, zikilazwa, zikichapwa, zikibwagwa, zikicharazwa, zikila mwereka, zikitoka tatu bila au tatu kwa nunge. Na yote tunayajua, kwa sababu tukishinda sisi yanakuja mbio. Aprili 2016 Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, walipoipiga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, nani kati yetu alisema Fiji imepoteza? Tulisema Fiji imelazwa, tena kwa sauti. Tukipigwa sisi ndipo tunapokwenda kuazima kitenzi cha kutufunika aibu.

Wako watakaoniambia lugha hukua. Hukua kweli, na mimi nimeandika raga, mechi, trai na pointi hapa juu bila kusita, kwa kuwa maneno hayo yalikuja na vitu ambavyo hatukuwa navyo. Kushindwa tulikuwa nako kabla ya meli yoyote kutia nanga.

Kwa hiyo, mwalimu, mrudishie kijana daftari lake na umwombe aandike hivi: "Katika ziara yao ya 1905 na 1906 Wanyuzilandi walicheza mechi 35, wakashinda 34, na moja wakafungwa na Wales, tatu bila." Na insha hiyo mpe alama zake zote, maana mtoto wa Nakuru aliyekwenda kuitafuta habari ya Cardiff ya mwaka 1905 amefanya kazi.