Muulize Daktari wa Usingizi: Mama apasuliwe tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 46. Mwaka jana alilazwa ili atolewe uvimbe kwenye kizazi. Kabla hata hajapasuliwa, presha ikaanguka, uso ukavimba, operesheni ikaahirishwa, akaja kuzindukia chumba cha wagonjwa mahututi. Tuliambiwa tu, "Ana mzio wa nusu kaputi." Sasa anatokwa damu nyingi kila mwezi na amepewa tarehe nyingine. Amegoma. Bibi naye anasema damu ya mama haipatani na dawa za usingizi. Tufanyeje? — M., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hofu ya mama ina msingi. Ila maneno mliyoambiwa hayatoshi, kwa sababu hakuna dawa inayoitwa nusu kaputi. Ndani ya nusu saa mgonjwa hupewa dawa ya kulaza, ya maumivu, ya kulegeza misuli, antibayotiki, na ngozi hupakwa dawa ya kuua vijidudu. Uchunguzi mkubwa wa hospitali za umma za Uingereza, uliotolewa 2018, ulikuta mzio mkali wa namna hii unampata takriban mtu 1 kati ya 10,000 wanaopewa dawa za usingizi. Karibu nusu ya visa ambavyo chanzo kilijulikana vilitokana na antibayotiki, wala si dawa ya usingizi. Zilifuata dawa za kulegeza misuli, kisha klorheksidini, ile ya kusafishia ngozi.

Nilikuwa na kijana wa henia. Amelala, kila kitu shwari, nikampa antibayotiki ya seftriaksoni mshipani. Hazikupita dakika tano, mashine ya presha ikajaza upepo mkononi, ikashindwa kusoma, ikajaza tena, ikashindwa tena. Ni rahisi sana hapo kuilaumu mashine. Aliyelala hawezi kukwambia anawashwa au kifua kinabana, na mwili wote uko chini ya shuka za kijani. Nikagusa shingo, mapigo mepesi mno. Nikafunua shuka: tumbo limejaa vipele vipana vyekundu vilivyoungana kama ramani. Wengine hawatoi kipele hata kimoja mpaka presha irudi, ndiyo maana hatusubiri ngozi.

Dawa yake ni adrenalini, tena mapema. Kwa mtu mzima tunaanza na mikrogramu 50 mshipani na kurudia huku macho yako kwenye presha. Kama hakuna mshipa, miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Miguu inainuliwa, oksijeni inafunguliwa yote, dripu zinakimbizwa. Haidrokotisoni na piritoni, dawa za kutuliza mzio, ni za baadaye; dakika zile haziokoi mtu. Yule kijana alirudi. Mama yako pia alirudi, maana yake kuna mtu pale aliyetambua upesi.

Sasa tarehe mpya. Msimwache aendelee kutokwa damu, lakini asipande meza ya upasuaji bila karatasi. Nendeni hospitali ile mkaombe nakala ya chati ya usingizi, ile yenye jina la kila dawa na dakika iliyotolewa. Mzio huu kwa kawaida huja dakika chache baada ya dawa, kwa hiyo zile za mwisho kabla presha haijaanguka ndizo washukiwa. Palipo na mtaalamu wa mzio, atapimwa kwenye ngozi. Wiki 4 hadi 6 baada ya tukio zinatosha, na mama amekwisha kuzipita. Pasipo na kipimo, washukiwa wote wanaepukwa. Na kama mshukiwa ni dawa ya kulegeza misuli, kubadili jina tu si salama, kwa sababu dawa hizo zina undugu.

Mtaambiwa, "Basi tumchome ganzi ya mgongo." Ni njia nzuri kwa uvimbe wa kizazi, lakini hata mwenye ganzi hupewa antibayotiki. Ulizeni itakuwa ipi. Mwambieni pia daktari kama mama aliwahi kuvimba kwa dawa nyingine, au midomo humwasha akipuliza puto au kwa glavu za mpira.

Piga picha ya chati hiyo ikae kwenye simu yako na ya mdogo wako, na nakala iwekwe pamoja na kadi ya bima. Kisha niandikie majina ya dawa kama yalivyoandikwa, hata mwandiko ukiwa haueleweki.