Usiandike barua ya kuacha kazi mwezi huu

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yako. Unauliza kama utakuwa umekosea ukiacha mshahara ukajiajiri kwa kazi zako za kudizaini, maana miezi mitatu mfululizo wateja wako wa pembeni wamekuingizia zaidi ya ofisi. Mimi nasema nenda, ila usiandike barua ya kuacha kazi mwezi huu.

Miezi uliyonitajia ni Oktoba, Novemba na Desemba. Hiyo ni miezi ya kalenda, diari na kadi za harusi. Kila mwenye duka anataka bango jipya la sikukuu, na kila mwenye kamati ya harusi anakupigia simu usiku. Usiipime kazi kwa msimu wake wa mavuno. Kosa hilo nililifanya mimi, likawaumiza na nyinyi.

Unajua nilikuwa mchoraji wa kanga kiwandani Dar es Salaam. Napanga pindo, najaza mji wa katikati, kisha naandika jina, yale maneno ya kanga, kwa mkono, herufi moja moja, maana jina likikaa upande doti nzima inadoda dukani. Kiwanda kilipoyumba tukapunguzwa, nikarudi Tanga na brashi zangu. Mara ukaingia mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Vitambaa, mabango, kuta: nilichora mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Nilishika fedha ambazo kiwandani sikuwahi kuziona, nikakihama chumba nikapanga nyumba nzima. Uchaguzi ukapita. Kufika mwezi wa tatu 1996 tulikuwa tumerudi kwenye chumba kimoja, wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako na godoro likiwa kwenye mkokoteni.

Kwa hiyo subiri uzione Januari, Februari, Machi na Aprili ukiwa bado una mshahara. Andika kila shilingi inayoingia na tarehe yake. Mwezi ulio mbaya kuliko yote ukitosha chakula, nauli, bando na umeme wa LUKU, hapo barua yako iandike bila woga. Kodi ya nyumba ihesabu peke yake, maana wenye nyumba wa huko hawapokei ya mwezi mmoja, wanataka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nalo si kazi yenyewe. Kazi unaiweza. Ile nembo ya yule mama wa viungo uliyonionyesha Idi iliyopita, niliikazia macho muda mrefu. Kati ya karafuu na jina uliacha nafasi tupu, na mtu asiyejua angeijaza maua. Nilijua mwanangu ana jicho.

Ninachokihofia ni kudai. Ofisini kuna mhasibu anayewafuata wateja kwa niaba yako, wewe unaona meseji ya benki tu. Ukitoka, mhasibu ni wewe, na una haya kama mimi baba yako. Niliwahi kuchora ukuta mzima wa duka la vifaa vya ujenzi, siku sita juani, tumepatana kwa mdomo. Nikaenda kuchukua changu, nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake bosi kasafiri. Nilizungushwa mara kumi na moja, mwisho nikapewa nusu ya fedha na makopo mawili ya rangi. Mama yako ndiye aliyenishika mkono. Alinunua daftari, akaandika ukurasa wa kwanza: nusu kabla brashi haijalowa. Tangu hapo mteja akija, alikuwa anazungumza na mama yako kwanza.

Na wewe fanya hivyo. Nusu iingie kabla hujafungua kompyuta. Makubaliano yawe kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, yakisema marekebisho ni mangapi na la ziada ni bei gani. Faili la mwisho lisitoke kabla salio halijaingia, hata anayelia ni rafiki. Mteja wa Nairobi anaweza kukutumia kwa M-Pesa moja kwa moja. Wa mbali zaidi muulize njia ya kulipa kabla ya bei, usije ukamaliza kazi ndipo ugundue fedha haina pa kupitia. Na ndugu zetu wakitaka kadi za bure, amua leo utatoa ngapi kwa mwaka. Mimi nitakusaidia kuwaambia shangazi zako.

Kompyuta unayotumia ni ya ofisi, na zile programu ofisi inazilipia kila mwezi. Nunua zako kabla ya kutoka. Usome na mkataba wako, uone unasemaje kuhusu kazi ulizofanya kwa mashine yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28; wape zote na ufanye kazi mpaka ya mwisho, kwa sababu ofisi unayoiacha vizuri huwa mteja wako wa kwanza. Michango ya NSSF usiikatishe, nenda uandikishwe kwa hiari. Bima ya afya nayo usipitishe hata mwezi mmoja bila kuwa nayo, na hili mama yako amesisitiza niliandike kwa herufi kubwa: BIMA.

Hujanieleza kama unaondoka kwa sababu ya yule msimamizi wako. Kama ni yeye, niambie. Wateja nao wamo wa aina yake, tena hao wanapiga simu Jumapili.

Januari ikiisha niandikie imeingiza kiasi gani, hata kama ni sifuri.

Ni mimi baba yako,
Tanga