Swali la lugha: Kufuli hufungwa au hushikwa?

Msomaji wa Kisumu anayewaandalia wanagenzi maelezo ya viendeshi vya Linux (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) ametuletea sentensi hii: “Kiendeshi kinafunga kufuli, kinagawa kumbukumbu, na uzi mwingine unasubiri kufuli lifunguke.” Anauliza kama ni Kiswahili sahihi. (Uzi ni mfuatano wa maagizo unaotekelezwa; kufuli huzuia nyuzi mbili zisiguse data ileile kwa wakati mmoja.)

Sarufi haina dosari. Vitenzi ndivyo vitakavyomponza mwanagenzi, na ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, kosa dogo huweza kukwamisha mashine nzima.

Hatari kubwa imo katika “unasubiri”. Katika kerneli ya kawaida, uzi unaosubiri spinloku (kufuli la kuzunguka) hukesha: hubaki kwenye prosesa ukiuliza tena na tena kama kufuli limeachiwa. Unaosubiri muteksi, aina nyingine ya kufuli, kwa kawaida hulala, na prosesa hupewa kazi nyingine hadi uamshwe. “Kusubiri” hubeba hali zote mbili, kwa hiyo andika “unakesha” au “unalala”. Msomaji wa msimbo anahitaji kujua hilo kabla ya jambo jingine lolote.

“Kugawa” ni kutoa mafungu. Kmalloc, funksheni ya kerneli ya kuomba kumbukumbu, hutenga, yaani huweka sehemu kando kwa matumizi maalumu. Lakini “kutenga” peke yake hakutoshi, taja namna. Kmalloc hupewa alama inayosema namna ya kutenga. GFP_KERNEL huweza kulala ikitafuta nafasi, basi ni marufuku ukiwa umeshika spinloku au ukiwa ndani ya msimbo wa katizo (unaoitikia ishara ya kifaa inayokatiza kazi ya prosesa): aliyelala na kufuli mkononi huweza kuwaacha wengine wakizunguka bila kikomo. GFP_ATOMIC hailali, ila hushindwa kwa wepesi zaidi, hivyo kagua NULL (jibu la kwamba kumbukumbu haikupatikana) kila mara. Mimi ningetenga kwanza, ndipo nishike kufuli. Pale ambapo haiwezekani, andika “kikiwa kimelishika kufuli, kinatenga”. Orodha ya vitenzi kama ya msomaji wetu haisemi kama kufuli bado liko mkononi.

Kinachofungwa kwa kufuli ni mlango. Kufuli la kerneli hushikwa na kuachiwa. “Lifunguke” nayo humficha mtenda, kana kwamba kufuli litajifungua, ilhali hitilafu ya kawaida ni funksheni kurudi mapema kosa linapotokea bila kuliachia kufuli.

Ningeandika hivi: “Kiendeshi kinatenga kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, kinakagua NULL, kisha kinashika spinloku, uzi mwingine unaoitaka unakesha hadi iachiwe.” Na ikiwa katizo nalo hutumia spinloku hiyohiyo, sentensi iongeze kuwa inashikwa kwa spin_lock_irqsave, inayozima pia makatizo kwenye prosesa hiyo.