Silence hakugunduliwa vitani

Umesema Silence, yule binti aliyelelewa kama mvulana katika utenzi wa Kifaransa Roman de Silence, alijulikana ni mwanamke baada ya kujeruhiwa vitani. Hapana, si kweli. Vitani alishinda, na hakuna aliyemshuku. Aliyemfichua ni Merlin, mchawi na mtabiri, mbele ya mfalme na watu wake. Nimeisoma tafsiri ya utenzi huo wa Kifaransa cha kale, wa karne ya 13.

Mfalme Ebain wa Uingereza alipiga marufuku wanawake kurithi, kwa hiyo wazazi wakamlea binti yao kama mvulana. Hata jina walilipanga: Silentius, ili siku mambo yakibadilika, ile "-us" ya mwisho, ya kiume, iwe "-a" ya kike na yaishe. Akatoroka na wapiga muziki, kisha akawa shujaa mpanda farasi huko Ufaransa. Malkia alimtongoza akakataliwa, akamsingizia. Mwishowe Silence akatumwa kumkamata Merlin porini, maana ilisemekana ni hila ya mwanamke tu itakayomnasa. Alimnasa kwa nyama ya kuchoma yenye chumvi! Merlin alikula, kiu ikamshika, akabugia asali, maziwa na divai mpaka akalewa.

Ila kuna mwisho unaoniuma: Ebain anawarudishia wanawake haki ya kurithi, halafu anamuoa Silence mwenyewe. Na yule binti aliyezungumza vizuri kuliko wote, baada ya hapo karibu hasikiki tena.

Labda umemchanganya na Bradamante, shujaa wa kike wa tenzi za Waitalia. Huyo kweli alijeruhiwa kichwani, akakatwa nywele, akadhaniwa mwanamume.